Jogoo Aliyedai Mshahara

Katito, 2 Juni 2025

Mwanangu Ondiek,

"Mambo yakitulia, tutalipana."

Nimeyaweka maneno ya Siddharth hapo juu, peke yake, ili uyatazame kwa macho badala ya kuyasikia kwa hayo masikio yako ya huruma. Sasa niambie: mambo gani? Duka la marehemu baba yake, ulilolikaangia vitafunio vya Kihindi, chevda na jalebi, miaka kumi na minne, amelifunga kwa hiari yake mwenyewe. Amelifungua tena, sasa anauza kava za simu. Amepaka rangi, ametundika taa, msichana wa mlangoni amemshonea sare. Yote hayo yamelipiwa. Fundi wa rangi hakuambiwa angoje mambo yatulie. Ni wewe tu uliyeambiwa hivyo, pamoja na mshahara wako wa miezi miwili ya mwisho, likizo zako na kiinua mgongo chako. Kwa hiyo yasiyotulia ni mambo yako. Yake yametulia zamani.

Naona nimeanza vita kabla ya salamu. Nyanya yako angekuwa hai angenichapa. Haya: sisi tu wazima. Ng'ombe mweupe amezaa, ndama dume, ana hasira kama mimi. Goti la mzee wetu wa ukoo, Mzee Aloo, limepona lakini bado anatembea na fimbo kwa sababu amegundua watu humpisha. Dukani kwangu watu wananunua dawa ya kupe na kuahidi kulipa wakivuna, kwa hiyo usidhani sijui ninachokisema.

Wala usiniulize kwa nini ninaandika na simu ipo. Simu ni ya kuuliza bei. Kwenye simu, nikifika pabaya unakohoa, halafu mtandao unapotea. Karatasi haikohoi. Naswa, dereva anayeniletea mizigo ya duka kutoka huko, atakupa barua hii mkononi na atangoja jibu.

Umeenda kudai mara ngapi? Jibu hilo kwanza.

Shangazi yako,
Seline


Nyalenda, Kisumu, 19 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Naswa hakunipa barua mkononi. Aliitia kwenye gunia la chakula cha kuku ili isilowe, gunia likateremshwa Sondu, na mwenye kuku akalifungua juzi. Barua yako imefika ikinuka dagaa, lakini ukali haujapungua hata kidogo.

Sisi wazima. Watoto wako shule. Mvua imepungua, barabara yetu sasa inapitika bila kuvua viatu. Nashinda kando ya barabara nikikaanga bhajia kwa karai la kuazima, na siku haiishi bure.

Kuhusu Siddharth, nimeenda. Sitasema mara ngapi. Shangazi, huyo nimemwona akitoka shule na begi mgongoni, anakuja moja kwa moja jikoni, ananyoosha mkono kabla chevda haijapoa. Sasa nikisimama mbele ya kaunta yake ananiita "Bwana Ondiek". Mtu aliyekuwa akiniita Ondi! Mimi naaga, narudi kwenye bhajia zangu.

Mama yake, Mama Indumati, hajui lolote. Sitaki ajue. Mumewe kamzika mwaka jana tu, na huyo mzee alikuwa mtu wa haki. Nikienda kumwambia mwanao hajanilipa, itakuwa nimemtukana marehemu.

Lakini sikufichi, nazitaka hizo pesa. Pale Mamboleo kuna kibanda kizuri kabisa, upande wa vivuli, na mwenyewe ameniahidi kunishikia hadi mwanzo wa Oktoba. Nikiwa na karai langu na jiko la gesi kabla ya sikukuu yao ya Diwali, wateja wote wa lile duka watanifuata. Wananiuliza kila siku. Diwali ikipita kabla sijafungua, watakuwa wamezoea chevda ya pakiti kutoka Nairobi.

Nami nina swali. Mbona wewe umekasirika kuliko mimi ninayedai? Si kwa ubaya, nauliza tu.

Mwanao,
Gordon Ondiek


Katito, 30 Juni 2025

Mwanangu Ondiek,

Wazima. Ndama anakua. Aloo amechaguliwa mweka hazina wa kwaya na hajui kuimba.

Unasema Siddharth alikula kwenye karai lako akiwa mdogo. Ndiyo, na sasa amekuwa mkubwa anakula mshahara wako. Unasema hutaki kumtukana marehemu. Marehemu alikulipa kila mwisho wa mwezi, wewe mwenyewe uliniambia. Basi anayemtukana ni yule aliyeacha kulipa. Unasema Mama Indumati ataaibika. Nani aliyekufundisha kwamba aibu ni ya anayedai? Hili ndilo wanalolitegemea, Ondiek. Hawategemei mawakili. Wanategemea adabu yako.

Sheria ya Ajira ninayo hapa kaunta, kati ya dawa ya minyoo na ile ya kwato. Nimeisoma hadi kurasa zimelegea. Inasema hata mtu aliyefukuzwa kwa kosa kubwa, alipwe kila alichokifanyia kazi mpaka siku anapotoka. Hata mwizi, Ondiek! Na wewe hukuiba hata chumvi.

Kwa hiyo chagua. Ama uende ofisi ya leba, ile ya serikali inayotetea wafanyakazi, wiki hii, ama sisi watu wazima tuje tuketi na familia hiyo kama watu wanaoheshimiana. Nipe jibu la neno moja.

Swali lako nimeliona.

Seline


Kisumu, 14 Julai 2025

Shangazi,

Sisi wazima.

Njooni. Lakini mbele ya Mama msitaje deni hadi Siddharth awepo, tafadhali.

Ondiek


Katito, 12 Agosti 2025

Mwanangu Ondiek,

Najua umengoja habari. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hasira ya kuchana karatasi, na sasa nacheka, jambo ambalo sikulipanga.

Tulikwenda mimi na Mzee Aloo Jumapili ya tarehe tatu, wewe ukabaki nyumbani kama inavyotakiwa, maana hata bwana harusi haketi watu wakijadili ng'ombe wake. Aloo alivaa koti. Mimi nilibeba Sheria kwenye mkoba. Na kwa kuwa sisi hatuingii kwa watu mikono mitupu, Jumamosi nilikuwa nimenunua jogoo hapa sokoni: mwekundu, mzito, shingo kama askari. Nikamfunga miguu kwa kitambaa safi.

Ulifanya kazi katika jiko lile miaka kumi na minne, jiko lisilojua nyama wala yai. Nimelisikia jambo hilo kwako mara mia. Nimesoma vitabu vya dini za watu hadi naweza kubishana na mapadri. Na bado, Ondiek, nilisimama mlangoni mwa nyumba ile ya Milimani, nikamnyooshea Mama Indumati jogoo!

Akamtazama. Jogoo akamtazama.

"Hii ni nini, Mama?" akaniuliza.

"Zawadi," nikasema. Halafu, kwa sababu hakumpokea, nikaongeza: "Ya sufuria."

"Sufuria yangu haijui hii kitu," akasema polepole. "Na huu mwezi ni ya kufunga."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mkoba. Lakini mama yule ni mtu, Ondiek. Aliinama, akafungua kile kitambaa miguuni, akasema, "Mgeni ameleta, mimi siwezi rudisha. Karibu ndani. Hata yeye."

Tukaingia watatu. Siddharth hakuwapo, alikuwa Nairobi kununua kava. Chai ya tangawizi ikaja. Hapo nikangoja Aloo apange kikao cha pili, Siddharth akirudi. Akauliza habari za marehemu. Sawa. Akauliza mvua. Akauliza magugu ya ziwani, bei ya mchele wa Ahero, na dawa ambayo Mama Indumati hutumia kwa magoti yake. Wakalinganisha magoti! Kila nilipofungua mdomo alinikanyaga mguu. Jua lilipoinama akasimama, akaomba, akaaga.

Barabarani nikalipuka. "Mzee, tumekuja kunywa chai? Hata siku ya kurudi hukuitaja!"

"Seline," akasema, "wewe ungekuwa mwanamume, ungekwenda kuposa na kuondoka na bibi harusi jioni hiyohiyo. Siku ya kwanza ni ya salamu."

Basi ndivyo tulivyo. Hakuna lililodaiwa, na jogoo wangu anaishi Milimani.

Seline


Kisumu, 5 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Tu wazima, isipokuwa mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Siddharth alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Mara ya kwanza tangu afunge duka Aprili kunipigia yeye.

"Ondi," akasema. Ondi, sio Bwana Ondiek! "Kuja uchukue kuku yako."

"Si yangu, bosi. Ni ya Mama."

"Inakaa chini ya dirisha yangu. Inaanza saa kumi. Inapumzika kidogo, unafikiri imemaliza, inaanza tena. Majirani wameniandikia."

"Basi mpe askari wa lango."

"Nilimpa! Mummy akatoka mbio. Anasema ikitoka hii lango italiwa, na hiyo dhambi itakuwa yake. Sasa anaiita Raja, mfalme. Raja! Anailisha mchele yenye nakula mimi."

Nikamwambia pole. Nilisema kwa moyo, Shangazi, kwa sababu jogoo wa Katito namjua. Nikafikiri sasa atataja lile jambo langu. Akasema, "Haya, usiku mwema," na kumbe kunakucha.

Mwenye kibanda ameniuliza tena. Nimempa bhajia za bure.

Ondiek


Katito, 22 Septemba 2025

Mwanangu,

Wazima sana. Sikiliza.

Jumamosi gari jeupe limesimama mbele ya duka langu. Siddharth mwenyewe, macho mekundu kama mtu aliyekesha matangani. Kwenye kiti cha nyuma kuna boksi la kava za simu, na ndani ya boksi, Raja. Amemtorosha jogoo huyo, mama yake akiwa hekaluni. Mimi nilikuwa nyuma nikipima mbolea; aliyekuwa barazani ni Aloo.

"Mzee, nimerudisha zawadi yenu. Asanteni sana."

Aloo akalitazama boksi. "Bwana, huyu ni jogoo wa mazungumzo. Harudi mpaka mazungumzo yaishe."

"Mazungumzo gani?"

"Hayo ambayo hujayaanza."

Kijana akabadilika rangi. Alijua, Ondiek! Nilimwona kupitia dirisha, alijua vizuri sana ni mazungumzo gani. Nikachomoka na Sheria mkononi, lakini mpaka niruke magunia, gari limeshageuka na Raja anawika kuelekea Kisumu.

Nilimuuliza Aloo desturi hiyo ya jogoo wa mazungumzo ni ya ukoo gani. Akasema ni ya mwaka huu.

Sasa nisikie vizuri. Usimchukue jogoo huyo. Ukiitwa, usiende. Ukihurumia, uhurumie ukiwa Nyalenda. Na wiki ya kwanza ya Oktoba ikipita bila malipo, tarehe nane uko ofisi ya leba, nami niko kando yako, tena bila Aloo.

Seline


Kisumu, 6 Oktoba 2025

Shangazi mpendwa,

Kaa chini kwanza. Watoto wazima, mimi mzima, na nimelipwa. Yote. Mshahara, likizo, kiinua mgongo.

Sasa nikiri kitu, na usiruke magunia. Uliponiandikia nisiende, nilikuwa nimeshaenda. Nimekuwa nikienda kila Jumamosi tangu Agosti. Mama Indumati alinipigia kuuliza kuku hulala wapi. Nikaenda kumjengea Raja kibanda. Wiki iliyofuata nikaenda kuona kama kimesimama. Halafu nikiwa pale akaniambia hajaonja chevda ya kweli tangu duka lifungwe, nikaona karai limekaa bure. Sikukuambia kwa sababu najua ungeandika nini.

Jumamosi hii nilipomaliza kukaanga akaleta bahasha.

"Ondiek, chukua. Miezi miwili unakuja hapa. Mimi sitaki mtu afanye kazi kwa nyumba yangu bila malipo. Mzee wangu alikuwa anasema mtu asitoke mlango bila haki yake. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mama."

"Siku duka ilifungwa, nilimwambia Siddharth, lipa Ondiek kwanza. Wewe kwanza, halafu rangi."

Hapo nilitakiwa kusema kitu, Shangazi. Hata "asante" tu ingetosha. Nikanyamaza. Nikamtazama Raja. Nilinyamaza vibaya.

"Ondiek," akasema. "Alikulipa?"

Nikaendelea kumtazama Raja.

Hakupandisha sauti. Aliita tu jina, mara moja, na Siddharth akatoka chumbani na nguo za kulalia.

"Mummy, biashara imekuwa ngumu. Nimemwambia, mambo yakitulia..."

"Yametulia," akasema Mama Indumati. "Simu yako iko wapi?"

Akasimama pale na kijiko cha chevda mkononi mpaka simu yangu ikalia. Nikasoma ujumbe wa malipo mara mbili. Siddharth aliniangalia, akasema, "Ondi, pole. Niliona haya kukuambia sina, halafu nikawa nazo, nikaona haya kukupigia." Nadhani alisema kweli. Kisha akanyoosha mkono kwenye sinia kabla chevda haijapoa, kama zamani, na mimi nikampiga kofi mkononi, kama zamani.

Nikasema sasa mazungumzo yameisha, nimchukue jogoo. Mama Indumati akakataa katakata. Eti nyumba imekuwa kimya mno tangu mzee aondoke. Siddharth akashika kichwa.

Kibanda cha Mamboleo nimekilipia. Mwambie Mzee Aloo magoti ya Mama yanamsalimia.

Ondiek


Mamboleo, Kisumu, 17 Novemba 2025

Shangazi mpendwa,

Kimya chako kinanitisha. Barua ya Oktoba ulipata? Naswa anaapa alikupa mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani, ukafunga duka mchana. Kwani nilikosea wapi?

Huku ni furaha. Diwali ilinikuta tayari. Siku zile nilikaanga mpaka mikono ikawa ya manjano. Siddharth mwenyewe aliagiza pakiti za kugawia wateja wake, na akalipa kabla sijafunga mfuko wa kwanza. Anasema amejifunza kuamka mapema na biashara imepanda. Hamsamehi Raja, lakini anamshukuru.

Niliajiri msichana wa kufunga pakiti, Rachael, mwepesi sana wa mikono. Ameondoka juzi, anaolewa Sondu. Nimebaki na deni lake la wiki tatu za mwisho, kwa sababu pesa yote nimeiingiza kwenye jiko la pili. Nimemwambia asijali, mambo yakitulia tutalipana. Ni msichana mpole, hakusema kitu.

Krismasi nitakuletea chevda kilo nzima. Andika, hata kwa ukali.

Ondiek


Katito, 24 Novemba 2025

Mwanangu Ondiek,

Tu wazima. Ndama amevunja ua wa jirani. Aloo anaomba chevda isiyo na pilipili, kwa ajili ya magoti, sijui magoti na pilipili vinahusiana vipi.

Barua ya Oktoba niliipata. Sikujibu kwa sababu nililia, na mimi siandiki nikilia, herufi hupoteza adabu. Mwezi Juni uliniuliza kwa nini nimekasirika kuliko wewe, nikasema swali nimeliona. Hili hapa jibu.

Baba yako alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kabla hujajua kusoma. Kilipofungwa, wakubwa walisimama langoni wakawaambia wafanyakazi: mambo yakitulia, mtalipwa. Kaka yangu aliwaamini. Kila Ijumaa alivaa shati lake la kazini, nikampigia pasi mimi mwenyewe, akaenda kusimama kwenye lango lile. Alikuwa mpole, kama wewe. Hakupiga kelele hata siku moja. Tulimzika katika shati lile, na hadi leo hakuna aliyelipa. Ndiyo maana simu yako ilipoingia mwezi ule na maneno yaleyale, niliyaandika juu ya karatasi kabla hata sijakusalimu.

Ulipolipwa nilifunga duka mchana, nikakaa na kaka yangu kidogo, kaburini kwake. Kulikuwa na mengi ya kumwambia, mengi yake kuhusu jogoo. Tulicheka.

Sasa rudia barua yako ya mwisho. Isome kwa sauti, hapo mbele ya karai. Ukifika pale kwa Rachael, simama.

Umeyaona?

Hukuyaiba kwa Siddharth. Maneno hayo hayahitaji mtu mbaya. Yanahitaji tu mtu mwenye jiko la pili la kununua. Ninyi wote mlio na mtu anayewafungia pakiti, anayewapikia, anayewalindia lango, kuanzia hapo Mamboleo hadi huku Katito, mimi nawaambia hivi: anayeondoka leo, alipwe leo. Msimwambie mambo. Na wewe Ondiek, uliyekuwa unadai na sasa unadaiwa, huna hata kisingizio cha kutojua deni linavyouma.

Naswa anapita Sondu kwa Rachael kesho asubuhi, kisha anakuja huko kwako. Ana nafasi moja garini, ya mtu na jogoo wake wa mazungumzo, na hapa Katito hakuna upungufu wa majogoo wekundu. Nimeshaanza kumtafutia mmoja kitambaa safi.

Mlipe Rachael. Kisha ndipo uniandikie.

Shangazi yako,
Seline Ajwang